Tulipokuwa Tukisitiriana

Simu iliita saa tisa za usiku, na aliyepiga hakunisalimu. Hilo peke yake lilitosha kunitoa usingizini, maana dereva yule, mzee wa Malindi, hana desturi ya kuanza neno kabla hajauliza habari za nyumbani, za mama na za mvua. "Mwanangu," akasema, "niko uwanja wa ndege. Lango limefungwa, na huyu askari aniuliza kama nimekuja kuiba taa."

Ilikuwa Agosti 2019, siku za Ferragosto, likizo ya Waitaliano, nao wamejaa Malindi na Watamu hata wauza madafu wanahesabu chenji kwa Kiitaliano. Kampuni yetu ndogo ya programu ilikuwa imeiuzia hoteli moja mfumo wa kupokea wageni, na mfumo huo ndio uliomtolea mzee ratiba. Karatasi ilisema: wageni wawili, uwanja wa ndege, 3:00. Yeye kwa miaka mingi amezoea karatasi za makampuni ya utalii, zinazoandikwa kwa saa za Kizungu. Akaamka saa nane, akaenda, akakutana na lango. Akarudi kulala huku akitulaani. Saa tatu asubuhi ndege ikatua, bwana na bibi wakashuka, wakakaa juu ya mabegi yao saa nzima na nusu bila mtu kuwajia.

Karani wa hoteli hakukosea hata kidogo. Aliambiwa ndege yatua saa tatu, akaandika tatu. Sisi hapa, nyuzi tatu kusini ya ikweta, jua linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na siku tunaihesabu kuanzia hapo. Mkono mfupi wa saa uko kwenye tisa na mdomo unasema tatu, na tangu utotoni hatuoni kwamba tunatafsiri. Fomu yetu ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "Saa", kikingoja hesabu ya ishirini na nne, bila kusema kinachongoja. Waliokitengeneza ni Waswahili watupu. Walijifunza kazi kwa vitabu vya watu ambao saa tatu yao ni usiku wa manane, na walipoketi mbele ya kompyuta wakavaa saa ya vitabu, jioni wakaivua wakaenda nyumbani.

Mwalimu, mwenzetu mwenye fomu ile, alirekebisha jambo hilo kabla ya chai ya saa nne. Akaweka kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, na chini yake saa zote mbili zinaonekana, ya Kiswahili na ya Kizungu. Kazi ya nusu saa.

Mimi nilikuwa nikilijua kosa lile wiki tano kabla. Karani huyo huyo alinipigia mwezi wa saba akaniuliza, "Dada, hii saa niandike yetu au ya Kizungu?" Nikamwambia ya Kizungu, nikashukuru, nikakata simu. Kupokea simu za wateja ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Karani wa zamu ya pili hakuuliza, na mimi sikumwambia mtu. Fomu ile ilikuwa ya Mwalimu, na Mwalimu ndiye aliyenifundisha kazi. Ningesemaje?

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la simiti na mabati mjini Kilifi. Ukisimama kwenye dirisha la choo unauona mkono wa bahari na daraja lake. La chumba cha kazi linatazama ukuta. Tulikuwa saba. Mwenye kampuni tulimwita Bosi kwa kumtania, kwa sababu alifagia mwenyewe. Mwalimu alikuwa amesomesha hesabu sekondari miaka kumi na minne kabla ya kujifunza programu akiwa na mvi. Palikuwa na vijana wawili wa programu, dada wa hesabu, mimi, na mwanafunzi aliyekuja kwa mazoezi ya kazi kutoka Chuo Kikuu cha Pwani, binti wa Ngerenya, aliyeongea kidogo na kuandika sana. Chumvi ilikula laptopu zetu kama inavyokula mabati: tundu la chaja hushika kutu, feni huanza kukwaruza, na kila msimu wa kusi fundi wa simu wa mtaani alipata riziki kwetu. Neno moja, kodi, lilikuwa na maana tatu mle ndani. Kijana akipaza sauti "Kodi haifanyi kazi!" dada wa hesabu alishtuka akidhani ni ile ya serikali, na Bosi alishtuka akidhani mwenye nyumba yuko ngazini.

Watu wa bara hushangaa: kampuni ya programu Kilifi? Wanadhani pwani ni mchanga na korosho. Hawajui kwamba mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust uko mji huu tangu 1989, na kwamba tangu 2000 vijana wake wamekuwa wakizunguka boma kwa boma wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama, katika eneo lenye zaidi ya watu robo milioni. Data hapa ni kitu cha kawaida kama mbaazi. Na mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipofika Mombasa, intaneti ilianza kupanda taratibu kando ya barabara ya Malindi, ikatukuta.

Tulipendana. Nasema hivyo kwa sababu wanaoandika habari za kazi hudhani timu inayoficha makosa ni timu inayochukiana. Mama wa mahamri alipanda ngazi kila saa nne na bakuli lake la mbaazi za nazi, na mwenye pesa siku hiyo alilipia wote. Hakuna aliyeandika deni. Mwezi wa Ramadhani wasiofunga walikula jikoni nyuma ya pazia, na sikumbuki mtu yeyote kuwaamrisha. Baba wa kijana mmoja alipolazwa, kazi zake zilikutwa zimekwisha, na hakuambiwa nani alizifanya. Hiyo ndiyo sitara, na nimelelewa nayo Shela, Malindi. Mgeni akimwaga chai, mwenye nyumba anamwaga yake kidogo. Ukiona upindo wa nguo ya mwenzio umefumuka, unamvuta pembeni, hutangazi.

Basi tukaichukua sitara hiyo hiyo tukaivisha programu. Baada ya kisa cha uwanja wa ndege nilifanya uchunguzi wangu wa chinichini. Tuliojua tulikuwa watatu. Mimi, kijana mmoja aliyekuta kisanduku kile akakiona kina mashaka, akasema moyoni Mwalimu ana sababu zake, na binti wa Ngerenya. Mzee dereva naye alikuwa ameshapata ratiba mbili za ajabu mwezi huo, akazirekebisha kwa akili yake asituaibishe kwa hoteli. Watu wanne, mji mzima karibu, wamemkinga Mwalimu na neno moja ambalo lingemchukua nusu saa. Na siku siri ilipofumuka, ilifumuka mbele ya wageni.

Bosi aliona kuna tatizo, na dawa aliyoileta ilikuwa meneja kutoka Nairobi. Sina ubaya naye; alikuwa mtu mwema na mwenye bidii. Alibandika karatasi za rangi ukutani. Kila asubuhi tulisimama duara, kila mmoja aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na ana kizuizi gani. "Sina kizuizi," tukasema, mmoja baada ya mwingine, kama wanaoitikia dua. Binti wa Ngerenya katika wiki tatu alisema hilo tu. Meneja akauliza, "Kwa nini hamsemi?" Mwalimu akamjibu kwa upole kabisa, "Kusema nini?"

Ndipo akaanza orodha ya makosa, na pembeni ya kila kosa herufi za jina la aliyelifanya. Nia yake ilikuwa tuwajibike. Wiki hiyo hiyo vijana walianza kurudi ofisini usiku. Mtu akigundua kosa lake alilitengeneza kimya saa tano za usiku, herufi zake zisipande ukutani. Na akigundua la mwenzake alimtumia ujumbe wa siri, likatengenezwa kimya vile vile. Orodha ikabaki fupi na safi. Meneja alifurahi nayo. Wateja waliendelea kupiga simu, na simu zile nilizipokea mimi. Alikaa miezi mitano.

Februari 2020, kaskazi ikivuma, Bosi alitupeleka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kula samaki na kusahau. Watu wengi wamekaa pwani hii maisha yao yote bila kwenda kuona yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, ambako Waitaliano walirushia vyombo vya angani. Kutoka jukwaa la San Marco, tarehe 12 Disemba 1970, roketi ya Scout ilipandisha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya nyota, ya kwanza ya kazi hiyo duniani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili lilizunguka dunia huku Ngomeni wenyewe wakitegea kamba. Bosi alitueleza pia jinsi watu wa roketi wanavyoulizana kituo kwa kituo kabla ya kurusha, na kituo kimoja kikisema hapana, hesabu inasimama. Mwalimu akasema hayo ni ya watu wenye pesa.

Tukakodi mashua tuyatazame majukwaa kwa karibu. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, mkali wa uso. Omoni alikaa mtoto wa kama miaka kumi na minne, miguu inaning'inia. Tulipokuwa tukirudi, mtoto akapiga kelele bila kugeuka: "Fungu! Fungu demani!" Nahodha akasukuma usukani saa ile ile. Hakumwambia "Nimeona", wala hakuuliza umejuaje, wala mtoto hakuanza na samahani. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa akimtazama mtoto.

Chini, ngamani, kijana mwingine alikuwa akichota maji kwa galoni la mafuta lililokatwa, anamwaga nje, anachota tena, huku akizungumza mpira na wenzetu. Binti wa Ngerenya akamuuliza kwa wasiwasi, "Chombo kimetoboka?" Kijana akacheka mpaka akaweka galoni chini. "Hiki ni cha mbao, dadangu. Cha mbao lazima kiingie maji. Tunafua tu."

Alhamisi iliyofuata, saa kumi, tulikuta karatasi za rangi zimebanduliwa, na katikati ya chumba mkeka, birika la kahawa chungu na sahani ya tende. Bosi akasema tutakuwa tukikaa hapo kila Alhamisi kufua maji. Masharti yalikuwa machache. Anaanza mkubwa, tena anaanza na lake mwenyewe. Kinachoulizwa ni "maji yameingia wapi?", na neno "nani" halitajwi mkekani. Akaanza yeye: kazi ya kiwanda kimoja aliichukua kwa bei aliyoikisia garini bila kutuuliza, na ndiyo maana tulikuwa tukilala saa saba. Sote tulikuwa tukijua. Hakuna aliyekuwa amewahi kusema.

Mimi nikasema la karani na simu ya mwezi wa saba. Mikono ilikuwa ikitetemeka, kahawa ikanimwagikia kidogo, na Mwalimu, Mungu ambariki, akamwaga yake kidogo kwenye sahani.

Yeye alichukua Alhamisi nne kukiri lake. Ya nne, binti wa Ngerenya alifungua daftari lake. Kwa sauti ndogo alisoma makosa kumi na moja ya mfumo wa hoteli, kila moja na tarehe aliyoligundua, mengine ya tangu wiki yake ya kwanza. La saa ya Kiswahili lilikuwa namba mbili. Chumba kilinyamaza hata ikasikika feni ya laptopu. Mwalimu akanyoosha mkono, akapokea daftari, akalisoma mwenyewe kuanzia juu, akarudi juu akasoma tena. "Hili la tano si kosa," akasema, "nilikusudia. Haya kumi ni kweli." Akamrudishia kwa mikono miwili.

Baadaye binti aliniambia kitu ambacho nimekifikiria kuliko vitabu vyote vya uongozi nilivyosoma. Nyanyake ni mtu wa siri. Jirani hapati kwake hata habari ya kuku aliyepotea. Lakini vijana wa utafiti wakifika na orodha yao, anawaambia yote, aliyezaliwa nje ya ndoa, aliyehama kwa ugomvi, aliyefariki. Binti aliwahi kumuuliza kwa nini. Nyanya akamjibu: hao huuliza kila boma.

Nisije nikafanya mkeka ukaonekana dawa ya kila ugonjwa. Kijana mmoja hakuuzoea kamwe. Alisema unamkumbusha toba ya kanisani kwao, akaenda zake Nairobi. Na mengine nashukuru hayakuletwa mkekani. Aprili 8, 2020, serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa kwa sababu ya korona. Hoteli zilizima taa na wateja wetu wengi wakaacha kulipa. Bosi alimwita kila mmoja peke yake, kwenye ngazi, akamuuliza nyumbani kuna watu wangapi na anaweza kuvumilia kiasi gani. Mimi, nisiye na mtoto, nilisema nusu ya mshahara. Mpaka leo sijui wenzangu walipata ngapi, wala sijauliza. Najua dada wa hesabu, mumewe akiwa hana kazi, aliendelea kulipa karo. Nimesoma kwamba baadhi ya kampuni za kisasa huweka mishahara yote wazi. Labda. Mimi naona mshahara wa mtu ni upindo wa nguo yake, na huo usitiriwe.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima zilipotea karibu nchi nzima. Siyo mara ya kwanza. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru akazima taifa, na kampuni ya umeme ilitangaza hadharani bila haya kwamba ni tumbili. Tumbili hana heshima ya kumvunjia. Safari hii stima ziliporudi, mashine ya zahanati moja, mteja wetu, haikurudi nazo. Tuliambiana msiwe na wasiwasi, nakala rudufu zipo, Mwalimu huzitazama.

Saa kumi na moja alfajiri ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp. "Nakala haziendi tangu tarehe 6. Siku hiyo nilibadilisha neno la siri, sikulibadilisha upande wa pili. Sikukagua. Natoka nyumbani sasa." Hakusubiri Alhamisi, wala hakuomba msamaha. Siku kumi na tisa za wagonjwa zilikuwa zimepotea kwenye mashine, na mtu mwenye miaka hamsini na saba alikuwa ameandika hivyo mbele ya vijana aliowafundisha.

Zahanati ilikuwa na daftari la mkono la mapokezi, alhamdulillahi. Jumamosi na Jumapili tulikaa kwenye benchi la wagonjwa tukiingiza jina baada ya jina, Mwalimu akisoma kwa sauti ya darasani, sisi tukiandika. Jumatatu Bosi na Mwalimu walikwenda pamoja kwa mwenye zahanati kumweleza kilichotokea, hatua kwa hatua. Aliwasikiliza, akawashukuru kwa kumwambia ukweli, akawanunulia soda. Mwezi uliofuata akahamia kwa watu wengine.

Tangu usiku ule wa uwanja wa ndege, mzee dereva hunipigia simu kila apatapo ratiba. Saa zote mbili zimeandikwa pale, kubwa, moja chini ya nyingine, lakini hunipigia. Hupitia kwanza nyumbani, mama, mvua. Kisha, "Mwanangu, hii saa tatu ni ya jua au ya mwezi?" Nami humwambia. Wiki jana alinipigia akapitia yote hayo, halafu akasema, "Hapa pameandikwa saa moja asubuhi. Lakini ndege hii naijua mimi, yatua jioni. Sitaki kumtia mtu aibu."

Nikamwandikia binti wa Ngerenya, ambaye siku hizi ndiye anayesimamia mfumo wa hoteli na vijana watatu chini yake. Niliandika tu kwamba mzee ameona kitu kwenye ratiba ya kesho.

Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: "Maji yameingia wapi?"